Siku sita nyuma ya kereng'ende: Pongwe, Muheza hadi Amani

Kwa miezi saba ukutani mwa darasa langu la sayansi kulikuwa na picha niliyompiga mdudu mmoja chini ya taa ya baraza, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa: KERENG'ENDE. Aliyeniambia siyo ni mtoto wa darasa la sita. Aliuliza kwa upole mbona huyu ana pembe ndefu kichwani, wakati wale anaowakamata bwawani kwao hawana pembe. Nikasogea ukutani kuangalia. Mtoto alikuwa na haki. Siku ileile nikaitoa picha, na nikajiahidi kwamba itakayoirithi nitaipiga nikiwa nimemtazama vizuri mdudu akiwa hai, na nikijua kwa nini ni yeye.

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa Desemba nikapanda basi kwenda Tanga. Haya nimeyajenga upya kutoka kwenye daftari na picha za simu. Kurasa mbili za daftari zililowa siku ya nne, kwa hiyo siku hiyo ni fupi.

Siku ya 1, Jumamosi. Dar es Salaam hadi Pongwe

Nililipa shilingi 20,000 Mbezi, gari likaondoka saa moja na robo asubuhi. Hadi Chalinze hakuna la kusimulia. Baada ya Mkata tairi la nyuma likapasuka, tukakaa kando ya barabara saa moja na nusu. Mama niliyekaa naye alifungua kapu lake akagawa ndizi za kuchemsha kwa kiti chetu na viti viwili vya nyuma, kama vile sote tumetoka nyumba moja. Mimi nilikuwa na maji tu ya kumpa, akayapokea kwa mikono miwili.

Pongwe nimeshuka saa tisa alasiri. Shangazi anakaa karibu na uwanja wa mpira, ana ng'ombe wawili wa maziwa na hodhi la saruji la kuwanyweshea. Kabla hata sijamaliza kumwamkia shikamoo nikaona juu ya uwanja hewa inatembea. Kereng'ende. Mamia yao, rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, wakienda na kurudi kimo cha goli na juu zaidi, na hata mmoja hatui.

"Hao wa vuli," shangazi akasema. "Ukiwaona wengi namna hiyo, anua nguo zako mapema." Saa kumi na moja mvua ilinyesha.

Kwa jina la kitaalamu ni *Pantala flavescens*, na habari yao inaanzia mbali kuliko Pongwe. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alishangaa kuona kila mwaka mwezi wa Oktoba visiwa vinajaa kereng'ende ilhali vina uhaba mkubwa wa maji yasiyo na chumvi ya kuwazaa. Mwaka 2009 alichapisha maelezo yake: wadudu hawa hutoka India, huvuka Bahari ya Hindi wakibebwa na pepo za juu, hupitia Maldivi na Shelisheli, na kufika Afrika Mashariki pamoja na mvua za vuli. Kwenda na kurudi alikadiria kilomita 14,000 hadi 18,000, na hakuna mmoja anayemaliza mzunguko wote. Ni kazi ya vizazi vinne hivi, vikipokezana. Mtu wa pwani haambiwi mara mbili maana ya hilo. Ni msimu ule uliokuwa ukileta majahazi.

Nilikaa uwanjani mpaka matone yakaanza. Mmoja alikuja akaning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo, mwili ukielekea chini, na hapo nikampata vizuri. Macho mawili makubwa yamekutana juu ya kichwa kama kofia. Mabawa manne yamenyooshwa pande mbili, hayafungiki hata akipumzika. Mabawa ya nyuma ni mapana shinani kuliko ya mbele, na kwa huyu upana huo umezidi, ndiyo sababu anaweza kuelea hewani muda mrefu bila kupiga mbawa sana. Vipapasio navyo? Nilivitafuta kwenye picha baada ya kuikuza: vinyweleo viwili vifupi mbele ya macho, huwezi kuviona ukiwa umesimama.

Usiku, tukila wali na samaki wa kupaka barazani, mgeni wa darasani kwangu akaja mwenyewe. Mwili mwembamba, mabawa manne ya kioo yenye mishipa. Binamu yangu mdogo akasema, "Kereng'ende huyo!" Nikamwomba tumtazame pamoja kabla hajaruka.

Kwanza, amekuja kwenye taa usiku, anapapatika kwa udhaifu kama jani linaloanguka. Pili, alipotua mabawa ameyalaza mgongoni kama paa la nyumba. Tatu, vipapasio ni virefu, na ncha zake zimevimba kama rungu. Huyu ni mtu mzima wa yule mdudu wa vishimo, anayekaa kwenye vumbi chini ya upenu, ambaye watoto humchokoa kwa kijiti. Alipokuwa mdogo alichimba shimo la mchanga mfano wa faneli akawasubiri sisimizi watumbukie. Kisha akajifunga ndani ya kifuko akawa bundo, na ndipo akatoka na mabawa. Kereng'ende hapiti hatua ya bundo kabisa. Utoto wake ni wa majini, na siku ikifika hupanda juu ya unyasi, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka. Ukoo wa hawa wawili uko mbali. Yule wa vishimo amefanana naye kwa sura tu.

Binamu alichukua tochi akaenda kuangalia vishimo upenuni. Vilikuwa tisa.

*Kwa atakayekwenda:* kereng'ende apigwe picha mbili, moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni. Picha ya juu inaonyesha macho na mashina ya mabawa, ya ubavuni inaonyesha jinsi anavyokaa. Ukiwa na moja tu utarudi nyumbani na ubishi.

Siku ya 2, Jumapili. Pongwe, Muheza, Amani

Pongwe hadi Muheza ni mwendo mfupi. Magari ya Amani hayaondoki mpaka yajae, na siku hiyo lilijaa saa saba mchana. Nilikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi kwa mama mmoja karibu na stendi, shilingi 3,000, na kwa 1,000 nyingine nikapewa machungwa ambayo sikuweza kuyamaliza kwa siku mbili. Nauli ya kupanda mlimani 6,000. Toa pesa taslimu Muheza. Huko juu usitegemee mashine ya benki.

Barabara ni ya vumbi kiangazi na ya utelezi wakati huu. Tulipoanza kupanda baada ya geti la Sigi, gari likateleza ubavu likakaa mtaroni. Utingo akatuomba tushuke. Wakatokea vijana watano waliokuwa wakirudi shambani, wakaweka majembe chini, wakachimba, wakakata matawi makavu yaliyoanguka wakayatandika chini ya matairi. Hawakuomba kitu. Dereva alipowapa pesa ya soda mkubwa wao akaipokea, akamkabidhi bibi mmoja abiria mwenzetu, akisema ni nauli yake. Hilo nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Tumefika Amani giza limeingia. Baridi. Chai ya iliki, iliki yenyewe ya mlima huohuo.

Siku ya 3, Jumatatu. Mtoni Sigi

Hii ndiyo siku niliyoifuata.

Nilimkodi mwongozaji, kijana mzaliwa wa Kisiwani, kwa shilingi 20,000 siku nzima. Viingilio vya hifadhi havimo humo. Hubadilika, na raia, mkazi na mgeni kila mmoja ana bei yake, kwa hiyo uliza kwanza Wakala wa Huduma za Misitu. Tulishuka kwa bodaboda hadi Sigi, ambako Wajerumani walifikisha reli yao ya magogo mwanzoni mwa karne ya 20 na nyumba ya stesheni bado imesimama. Saa tatu asubuhi msitu ulikuwa baridi na mtoni hakuna kitu. "Tusubiri jua, mwalimu," akaniambia. "Hawa hawaamki kabla ya jua kugusa maji."

Saa nne na dakika ishirini jua likagusa maji.

Wa kwanza alikuwa mdogo, mnene, mgongo wa bluu kali, amekaa kwenye gogo lililolala mtoni. Mabawa yamefungwa mgongoni, lakini ni marefu kuliko tumbo lenyewe. Mimi nilidhani ni kereng'ende mchanga. Mwongozaji akacheka kidogo akasema nisubiri. Akaja jike wa kahawia. Yule dume akaruka mbele yake akabaki palepale hewani, akishusha miguu na kuitikisa haraka, nayo ikametameta nyeupe kama vitambaa. Akaja dume mwingine. Miguu ileile ikageuzwa, sasa inaonyesha upande mwekundu. *Platycypha caligata*. Anachokilinda ni lile gogo, kwa sababu jike hutaga mayai ndani ya mti uliooza majini. Asiye na gogo zuri hana cha kumwonyesha.

Huyu si kereng'ende hasa. Ni kikereng'ende, wa kundi la pili katika ukoo huohuo, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko siku zote sita. Vikereng'ende macho yao yametengana, moja kila upande wa kichwa, kama mtu aliyebeba ndoo mbili kwa mzegazega. Mabawa ya mbele na ya nyuma yana umbo moja. Wengi hukunja mabawa pamoja juu ya mgongo wakitua. Kuruka kwao ni kwa mbali fupifupi, karibu na majani, wakati kereng'ende hukata hewa kama mwenye barabara yake.

Mita mia tukiupanda mto, kivulini, alining'inia kikereng'ende mwingine mrefu wa kijani cha shaba, *Phaon iridipennis*, mabawa yamefungwa yakitoa rangi za upinde kila upepo ulipomgusa. Nikafurahi, kanuni imekubali: amefunga mabawa, macho mbali.

Kisha kwenye jiwe katikati ya mto akatua mmoja wa manjano na meusi. Mabawa wazi, mwili imara, ameruka kwa nguvu na kurudi jiwe lilelile. Kereng'ende bila shaka. Nikakuza picha: macho hayakukutana! Ni wa jamii ya *Paragomphus*, na jamii yake yote imetengana macho ingawa ni kereng'ende kamili. Na kuna ukoo wa vikereng'ende, *Lestes*, ambao wakitua huacha mabawa nusu wazi. Kwa hiyo anayetegemea alama moja atakosea, kama nilivyokosea mimi kwa kutegemea mabawa ya kioo. Lazima zisomwe pamoja: macho, mashina ya mabawa, namna ya kukaa. Yule wa mtoni macho yalimkana, ila mabawa ya nyuma mapana na ukaaji wake vilimshuhudia.

Mchana mwongozaji alitumbukiza kichujio cha chai kwenye majani yaliyooza ukingoni akamimina ndani ya sinia jeupe nililolibeba. Wakatoka watoto wa aina zote mbili, na utotoni tofauti haina ubishi. Mtoto wa kikereng'ende ni mwembamba na mwisho wa mwili kwa kawaida ana vijani vitatu anavyovutia hewa majini. Mtoto wa kereng'ende ni mpana, hana vijani. Hupumua kwa kuvuta maji ndani kupitia nyuma, na akishtuka huyatema kwa nguvu yakamsukuma mbele. Tulimgusa kwa unyasi akafyatuka kutoka upande mmoja wa sinia hadi wa pili. Wote wana mdomo wa chini uliokunjwa kidevuni kama mkono, unaochomoka kukamata windo. Viluwiluwi vya mbu ni chakula chao. Tuliwarudisha palepale tulipowatoa. Kukusanya wadudu hifadhini kunahitaji kibali.

Nilikula maandazi mawili saa kumi jioni. Sikuwa nimekumbuka njaa.

*Kwa atakayekwenda:* saa nne hadi saa nane ndizo saa za kazi. Wingu likifunika jua wote hupotea majanini. Vaa viatu visivyoteleza, na ukae sehemu moja nusu saa kabla ya kuamua kwamba hakuna kitu.

Siku ya 4, Jumanne. Amani, mvua

Ilinyesha tangu alfajiri hadi usiku.

Kwenye kioo cha dirisha la nyumba ya wageni waliganda wadudu wadogo wa kijivu, mabawa yamesimama wima kama tanga, mikia mitatu mirefu kama nywele. Hawa nao huitwa kereng'ende na wengi, na nao utoto wao ni wa majini. Lakini mabawa yao ya nyuma ni madogo sana, na mtu mzima hali chochote. Midomo yao haifanyi kazi, huishi saa chache au siku moja mbili, wanazaana wanakufa. Asubuhi yake walikuwa wamejaa kwenye kizingiti.

Amani ina historia na wadudu hawa. Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Baadaye pakawa kituo cha utafiti wa malaria, na miaka ya 1950 alifanya kazi hapa Mwingereza Mick Gillies, mtaalamu wa mbu, ambaye kwa mapenzi yake aliwasoma pia hao wadudu wa mikia mirefu. Mwaka 1962 mtaalamu wa wadudu Elliot Pinhey alipotoa jina kwa kikereng'ende mpya wa msitu huu, alimwita *Amanipodagrion gilliesi*: Amani kwa mahali, Gillies kwa mtu.

Siku ya 5, Jumatano. Kumtafuta mwenye jina la Amani

Anajulikana kutoka milima hii ya Usambara Mashariki tu, kwenye vijito vyenye kivuli vya msitu huu, na yumo kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Tulitafuta tangu saa tatu. Vijito vilikuwa vimejaa na maji mekundu kwa mvua ya jana. Hatukumwona.

Mwongozaji alinisimamisha penye mti mkubwa wenye tundu kwenye mizizi, limejaa maji ya rangi ya chai. Humo, alisema, huzaa kikereng'ende mkubwa wa misitu ya pwani, *Coryphagrion grandis*. Nilikuwa nimesoma habari zake: ndugu zake wa karibu hawako Afrika, wako Amerika ya Kati na Kusini, nao huzaa kwenye maji ya matundu ya miti vilevile. Nilimulika tochi ndani ya tundu, nikaona majani tu. Lakini nilikaa pale muda, nikiwaza mabara yalivyoachana na tundu la mti likabaki tundu la mti pande zote mbili.

Jua lilitoka saa saba, tukaishia bwawani Amani. Hapo niliwapata watoto wawili wakigombania kama yule anayerukaruka juu ya majani ya maji ni kipepeo. Mabawa meusi nusu, anapepesuka polepole. *Palpopleura lucia*, kereng'ende. Tulilala tumbo chini sote watatu tukamtazama karibu: macho yamekutana, vipapasio hakuna cha kuona, mabawa hayana unga. Mkubwa wao akasema, "Basi kipepeo ana mrija, huyu ana meno." Nimeliandika neno lake kama lilivyo, kwa sababu hata jina la kitaalamu la ukoo huu, Odonata, limetokana na neno la Kigiriki la jino.

Mto Sigi hushuka kutoka hapa hadi bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo mabomba ya jiji la Tanga. Jioni ile nilipokunywa maji niliyafikiria yale magogo yaliyooza ambayo madume wa bluu wanayalinda.

Siku ya 6, Alhamisi. Kurudi Pongwe

Safari hii gari halikukwama. Shangazi alinipokea kwa maziwa ya moto. Nikaenda moja kwa moja uwanjani. Kulikuwa na vijana wanacheza mpira, na juu yao hewa tupu. "Wameondoka juzi, dada," mlinda mlango akaniambia. "Upepo uliamka nao."

Shangazi akanionyesha kitu alichokiona siku niliyoondoka. Wawili walioshikana, dume mbele jike nyuma, walikuwa wakipita juu ya hodhi la ng'ombe, na jike anagusa maji kwa ncha ya mkia, tena na tena. Wakafanya vilevile juu ya paa la gari la jirani, ambalo kwao lilimetameta kama maji. Alitaka kulimwaga hodhi kwa kuogopa mbu. Nilimwomba aliache, awe anaongeza maji tu, na nikamweleza kilichomo hula nini. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atalitazama.

Gharama zote, nauli, chakula, kulala usiku nne Amani, mwongozaji na bodaboda, bila viingilio vya hifadhi: shilingi 291,000.

Tarehe 22 Januari shangazi alinitumia picha kwenye simu. Ni ukingo wa hodhi, na kwenye saruji limeshikilia ganda kavu la rangi ya mchanga, limepasuka mgongoni, limejaa upepo. Chini yake ameandika: "Mwalimu, yuko wapi mwenyewe?"